Redio Mpya ya Mama Waya

Barua ile ilikuwa na sahihi kumi na nne, na ya tisa ilikuwa yangu. Nakiri mapema, asije mtu akadhani nasimulia kama niliyekaa pembeni.

Iliandikwa na Mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa suruali zenye mkunjo mkali na wino wa buluu. Ilimtaka mwanamke wa nyumba ya pembeni, yule tuliyezoea kumwita Mama Waya, aishushe antena yake ndani ya siku arobaini na tano, kwa kuwa mitambo yake "inavuruga televisheni, mageti na utulivu wa wakazi." Mimi ninauza mitungi ya gesi, na duka langu linatazamana na geti lake. Tangu mvua zianze, televisheni yangu ilikuwa inakatikakatika. Mchezaji anaukaribia mpira, picha inavunjika vipande vipande kama sahani iliyodondoka, na ikirudi unakuta watu wanashangilia goli usiloliona. Karatasi iliponifikia sikuuliza mara mbili. Juu ya paa lake kuna waya mrefu, kwangu kuna picha mbovu. Nikajumlisha, nikatia sahihi.

Aliletewa barua asubuhi. Aliisoma amesimama getini, miwani kwenye ncha ya pua. Akaisoma tena. Kisha akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Mimi nikajifanya nahesabu mitungi.

"Jirani," akaniita kutoka ng'ambo ya barabara, "naona na wewe umo."

"Mama, ni hii televisheni tu..."

"Sijakuuliza sababu. Nimesema naona umo."

Akaingia ndani, geti likajibamiza nyuma yake.

Haya yaliyotokea ndani ya nyumba yake niliyapata baadaye, mengine kwake, mengine kwa mumewe ambaye ni fundi cherehani na hawezi kushona kimya kimya. Lakini ili ueleweke ukaidi wake, lazima nirudi nyuma kidogo.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye ubao wa simu, zama zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine sharti umwombe opereta akuunganishe. Walikuwa wasichana sita kwenye viti virefu, wamevaa visikizio, wakichomeka na kuchomoa nyaya kutwa nzima. Nyuma ya ukuta wa mbao kilikuwa chumba cha telegrafu. Humo walikaa wanaume waliopokea ujumbe kwa milio mifupi na mirefu ya Morse, na walitembea kwa madaha kwelikweli, maana ilisemwa sikio la mwanamke haliwezi kazi ile. Yeye kiti chake kilikuwa cha mwisho, bega likigusa mbao. Mwaka mzima alisikiliza ukuta. Saa ya chakula wenzake walipiga soga. Yeye aliandika nukta na vistari nyuma ya fomu zilizoharibika.

Siku moja mpokeaji wa zamu alishikwa na tumbo, akakimbilia msalani, na milio ikawa inaingia bila mwenyewe. Msimamizi alipofika mbio alimkuta msichana wa ubao wa simu kwenye kile kiti, penseli mkononi, ujumbe umeandikwa wote mpaka neno la mwisho. Hakumshukuru. Alimwandikia onyo la kuacha sehemu yake ya kazi. Onyo hilo analo hadi leo, ndani ya fremu, kwenye ukuta wa chumba chake cha redio. Watu hutundika vyeti; yeye katundika onyo.

Leseni ya redio nayo haikuja kwa mteremko. Kwa msiojua, redio hizo si za kusikilizia muziki na taarifa ya habari. Ni za kuongea. Mwenye leseni hupewa jina lake la hewani, herufi na namba, na kwa waya wa mita ishirini na chombo cha mezani anaweza kuongea na mtu wa upande wa pili wa dunia bila vocha wala mnara wa kampuni ya simu. Hufanya kwa kupenda tu, bila malipo, ndiyo maana zikaitwa redio za ridhaa. Alipokwenda kuomba kufanya mtihani aliambiwa nafasi zimejaa. Mwaka uliofuata zikawa zimejaa tena. Mwaka wa tatu alikwenda amebeba kigoda kichwani.

"Kama tatizo ni nafasi," akamwambia msimamizi wa mtihani, "nimekuja na yangu."

Akafanyia mtihani mlangoni, karatasi juu ya magoti. Akafaulu.

Redio yake ya kwanza aliipata katika ofisi ya meli iliyokuwa inafungwa. Ilikuwa na uzito wa mfuko wa saruji, na ndani yake mlikuwa na taa za kioo zilizowaka rangi ya machungwa. Ukiiwasha, ngoja robo saa ipate joto. Ikishapata joto inaanza kutangatanga: unaongea na mtu hapa, baada ya dakika kumi sauti yake imehamia kule, na lazima umfukuze kwa kidole kwenye kitufe kama mtu anayefukuza kuku. Kwa chombo hicho aliongea na walimu, marubani, mpishi wa kituo cha utafiti kwenye barafu, na hasa fundi mmoja wa matrekta wa nchi ya mbali ambaye kwa miaka kumi na saba walisalimiana kila Jumanne saa kumi jioni. Mumewe alikuwa na msemo wake: "Nilioa mke mmoja, nikaletewa dunia nzima."

Sasa, si kwamba kosa halikuwahi kutokea. Miaka mingi nyuma, sauti ya Mama Waya iliwahi kutoka kwenye spika za jirani katikati ya kikao cha posa, ikieleza kwa kirefu jinsi goti lake la kushoto linavyouma wakati wa baridi. Alikwenda kuomba radhi mwenyewe siku ile ile. Kwa hiyo barua ilipokuja, hakusema haiwezekani.

"Utaushusha?" mumewe alimuuliza, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani.

"Siushushi."

"Nilijua. Nimeuliza ili nisije nikaambiwa sikuuliza."

"Lakini redio yenyewe imezeeka, mzee. Huenda inamwaga uchafu hewani na mimi sijui, sina cha kupimia. Kama kosa ni la redio, nitabadili redio. Waya haushuki."

Jumapili binti yao akaja. Ni muuguzi, mtoto mpole, tena mwepesi wa kuona aibu kwa niaba ya wengine. Hakukaa hata kitini.

"Mama, Mwenyekiti kanipigia simu. Anasema anakuheshimu, hataki mambo yafike mbali. Toa tu huo waya yaishe. Wenzako wa umri wako wanapumzika."

"Nitapumzika. Makaburini hakuna foleni."

"Mama jamani!"

"Na huyo Mwenyekiti, namba yangu anayo. Anakupigia wewe kana kwamba mimi ni mwanafunzi mtoro anayesemewa kwa mzazi. Mzazi wa nyumba hii ni mimi."

Binti akamgeukia baba yake, baba akainama kutunga uzi kwenye sindano iliyokuwa tayari na uzi.

"Tena nasikia unataka kununua redio nyingine," binti akasema. "Si tulikubaliana akiba ile ni ya kuweka vigae sebuleni?"

"Vigae haviongei," akajibu mama yake.

Katika chama chao cha wanaredio alikuwepo mhandisi mmoja aliyejulikana kwa ujuzi wa vyombo vipya. Mama Waya akampigia kumuuliza ushauri. Mhandisi akacheka kidogo, kicheko cha huruma, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

"Mama, hizi za sasa ni kompyuta. Ndani ya menyu kuna menyu nyingine. Sisi wenyewe zinatutoa jasho. Tafuta nyingine ya zamani iliyo nzima, ndiyo itakayokufaa."

"Nani kasema itanifaa?"

"Nasema kwa wema tu, Mama."

"Wema wako nimeusikia. Sasa niambie hiyo mpya inauzwa wapi."

Ilifika baada ya siku tisa. Fundi cherehani ndiye aliyepokea boksi getini, na nilimwona akilizungusha mikononi kutafuta lililobaki. Redio ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha cherehani yake, yenye uzito wa kuku wawili walionona, na mbele ina skrini ya rangi upana wa kiganja.

"Ndiyo yote?" akauliza. "Au nyingine inaletwa kesho?"

Wakaiondoa ile ya zamani mezani, mmoja huku, mwingine kule, wakihema, wakaiweka kwenye kona na kuifunika shuka. Mezani ikabaki alama nyeusi ya mraba, mahali ambapo jua halikuwa limefika kwa miaka ishirini na minane. Ile mpya ikakaa katikati ya mraba huo kama mtoto kwenye kiti cha mkubwa.

Halafu ndipo kazi ilipoanza. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa mia moja na sabini, za kizungu cha mafundi ambacho hata mzungu angekisoma kwa kurudia. Siku ya tatu alibonyeza mahali pasipo penyewe, maandishi yote ya skrini yakageuka ya lugha ngeni, kama nyayo za ndege kwenye tope. Siku mbili nzima alihangaika kuyarudisha. Mumewe alimshauri ampigie mhandisi.

"Afadhali nijifunze hiyo lugha ya ndege," akasema.

Akanunua daftari la shule. Kila kitufe akakipa ukurasa wake: kinaitwaje, ukikigusa kinafanya nini, ukikishikilia kinafanya nini, na ukikosea unatokaje. Alikuwa anasoma kwa lenzi, asubuhi macho yakiwa hayajachoka, na akikwama anatoka nje kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kuna siku nilimsikia kutoka dukani kwangu akiikaripia: "Mimi nimeunganisha simu za mawaziri, wewe ni nani?" Wiki ya tatu akarudi hewani. Ilikuwa Jumanne. Fundi matrekta alimsikiliza kidogo, kisha akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Kwa nini?"

"Sauti yako leo imetulia mahali pamoja. Nimezoea kukukimbiza."

Mama Waya aliniambia kwamba alitoa visikizio, akavifuta, akavivaa tena. Hakutaka mumewe amwone machozi.

Ile skrini ndiyo iliyomteka. Kwenye redio ya zamani alikuwa anasikia mtu mmoja mmoja, kama anayepita kwenye korido gizani akigonga mlango baada ya mlango. Hapa masafa yote yalionekana kwa mkupuo. Kila aliyekuwa akiongea alikuwa mstari wa rangi unaoshuka taratibu, kama mvua kwenye kioo cha dirisha. Na katikati ya mvua hiyo akaona kitu cha ajabu: alama za kukata, zinazolala upande kwa upande kwenye skrini nzima, moja kila baada ya sekunde na kidogo. Akifungua sauti anasikia tik. Kimya. Tik. Kimya. Tik. Mlio huo alikuwa anausikia kwenye redio ya zamani, akadhani ni uzee wa mashine, kama mtu anavyozoea mlango wake unaolia. Sasa mashine ilikuwa mpya, na tik ilikuwa pale pale.

Huku nje, televisheni yangu haikupona. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia Mwenyekiti. Ikaja barua ya pili, fupi: siku zimebaki saba, na badala ya kupunguza mitambo, mhusika ameongeza mwingine. Jumamosi kutakuwa na kikao.

Jumatano, mchana kweupe, umeme ukakatika mtaa mzima. Zamani angekunja mikono angoje. Lakini hii mpya ilikuwa inakubali betri ya gari, na mumewe alikuwa nayo moja aliyokuwa akiwashia taa ya kushonea. Wakaifunga. Skrini ilipowaka, Mama Waya akaisogelea na lenzi yake. Takataka zote za hewani zilikuwa zimefutika: mafriji, chaja za simu, taa za bei rahisi, vyote vimezimika pamoja na umeme, na nyuma pamebaki peusi safi. Isipokuwa zile alama za kukata.

Tik. Tik. Tik.

"Mzee, una hakika umeme umekatika kote?"

"Hata mashine ya kusaga imenyamaza."

"Basi kuna mtu mtaa huu ana kitu kinachotumia betri, kinapiga kila sekunde, mchana na usiku, na hakijui hata kwamba umeme haupo."

Mumewe akaacha mkasi. "Kama moyo."

"Kama ua wa umeme wa kuzuia wezi," akasema Mama Waya, akainuka kutafuta viatu.

Tulimwona akipita barabarani, kiredio cha mfukoni cha mumewe kimebanwa sikioni, akikigeuza huku na huku, hatua tatu mbele, mbili nyuma, kisha anasimama ameinamisha kichwa kama anayeitwa kwa mbali. Mumewe anamfuata na mwavuli. Mwenye duka la simu akaniambia, "Basi tena, fyuzi imeungua." Nikacheka. Alipofika kwangu alisimama mbele ya mitungi, akasikiliza, akatikisa kichwa na kuendelea. Kadiri alivyopanda mtaa, kiredio kikazidi kupiga. Mbele ya nyumba yenye ukuta mrefu kuliko zote kikawa kinapiga kama nyundo ya fundi bati.

Juu ya ukuta ule kulikuwa na nyaya tano za umeme za kuzuia wezi. Kwenye kona, mmea wa maua uliokuzwa na mvua ulikuwa umetambaa hadi kwenye waya, na kishikizo cha plastiki kinachoushika kilikuwa kimepasuka. Katikati ya ufa palikuwa na cheche ndogo ya buluu. Inaruka, inazima. Inaruka, inazima. Mlinzi akatoa kichwa getini.

"Hapo panalia tangu mvua zianze, Mama. Nilidhani ndiyo kazi yake."

Mumewe akamshika mkono. "Gonga umwambie mwenyewe taratibu. Yaishe."

Ilikuwa nyumba ya Mwenyekiti.

Mama Waya akaiangalia ile cheche. Angeweza kugonga. Aliniambia baadaye kwamba mkono ulikuwa umeshainuka. Kisha akakumbuka simu aliyopigiwa binti yake.

"Ameniandikia mbele ya watu kumi na nne," akasema, "nitamjibu mbele ya watu kumi na nne."

Kikao kilifanyika uani kwa Mwenyekiti, saa nne asubuhi, viti vya plastiki vimepangwa safu mbili. Mke wa Mwenyekiti, mwanamke mtaratibu aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, alikuwa akigawa chai. Binti muuguzi alikuja na sare yake, akitokea zamuni; alikuwa amejiandaa, alikiri mwenyewe, kuomba radhi kwa niaba ya familia. Mama Waya akaingia na mkoba mkubwa wa kitambaa, akaketi mbele kabisa.

Mwenyekiti akasoma orodha yake ya siku na saa ambazo wakazi walilalamika. Alisoma kama anayeita majina ya wanafunzi watoro.

"Tarehe tisa, saa nne asubuhi."

Mama Waya akafungua daftari lake la mawasiliano. Kila mwanaredio huwa nalo. Huandika kila anapowasha, anapozima, na kila aliyeongea naye. "Tarehe tisa saa nne sikuwepo. Nilimpeleka mzee hospitali kupimwa macho. Redio ilikuwa imezimwa."

"Tarehe kumi na sita, saa nane."

"Hospitali tena. Kuchukua miwani."

"Daftari hilo umeliandika mwenyewe," akasema Mwenyekiti.

"Na orodha hiyo umeiandika mwenyewe."

Watu wakacheka, wengine wakaficha midomo kwenye vikombe. Ndipo binti akasimama. Uso ulikuwa umemwiva.

"Siku zote mbili nilikuwa zamu," akasema. "Mama yangu nilimwona mimi, kwenye benchi la kliniki ya macho. Tarehe tisa, saa nne hiyo hiyo, alikuwa pale akimgombeza karani." Akawageukia wakazi. "Nilikuja hapa kuomba radhi. Siombi tena."

Akakaa. Mama yake hakumtazama, lakini nilimwona akihamisha mkoba ili kiti cha binti kisogee karibu.

Kutoka kwenye mkoba akatoa waya mweusi, akauinua juu. "Huu ndio waya wa umeme wa redio yangu. Uko hapa, kwa hiyo redio haiwezi kuwaka hata kwa dua. Jirani wa gesi!"

Nikashtuka. "Naam, Mama."

"Televisheni yako sasa hivi ikoje?"

Nikampigia mke wangu dukani, nikaweka sauti wazi. "Inakatika kama kawaida," mke wangu akasema. "Mmeshamwambia huyo mama?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Waya akatoa kiredio, akakiwasha, akakiweka juu ya meza ya Mwenyekiti, kando ya wino wa buluu. Tik. Tik. Tik. Kilipiga kwa nguvu hadi kijiko kikaonekana kama kinatetemeka kwenye sahani.

"Huo ni ua wako, Mwenyekiti. Kona ya upande wa barabara, kishikizo kimepasuka, mmea umegusa waya. Nenda kaangalie, cheche inaonekana hata mchana. Sina haja ya maneno mengi. Zima ua dakika tano."

"Usalama wa nyumba yangu si kitu cha kufanyia majaribio," akasema Mwenyekiti.

"Na amani ya nyumba yangu ndiyo ya kufanyia majaribio? Siku arobaini na mbili naishi na barua yako. Umempigia simu mwanangu, umemtia aibu kazini kwake. Mimi sikuombi msamaha, wala sikuombi ruhusa. Nakuomba dakika tano."

Mwenyekiti akaanza kueleza utaratibu wa kamati kuhusu hoja zisizokuwa kwenye ajenda. Mke wake akaweka chupa ya chai chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, tukasikia kabati la swichi ya ua linafunguliwa.

Tik. Tik.

Kisha kimya.

Simu yangu ikalia. "Imetulia!" mke wangu akapiga kelele, na uani kote wakasikia. "Imetulia kabisa, mmefanya nini huko?"

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Nyani haoni kundule." Sitamtaja, maana ananunua gesi kwangu.

Mngedhani mambo yangeishia hapo. Lakini mtu aliyekagua shule miaka thelathini hashuki jukwaani kirahisi. Mwenyekiti alisafisha koo, akachukua karatasi, akaandika harakaharaka, akaisoma: kwa busara na ujirani mwema, kamati inairuhusu antena ibaki, kwa masharti kwamba mhusika atatumia redio si zaidi ya saa mbili kwa siku, na hataongeza waya mwingine. Akamsogezea kalamu. Kusema kweli wengi wetu tulipumua. Tuliona ni suluhu nzuri. Hata mumewe aliinua nyusi kama anayesema, chukua, twende.

Mama Waya akavaa miwani, akaisoma karatasi, akairudisha.

"Leseni yangu hukunipa wewe, Mwenyekiti, kwa hiyo huwezi kunipunguzia. Wewe uliniletea shutuma, na shutuma yako imeonekana ilikotoka. Sitaki ruhusa. Ichukue barua yako."

"Niichukue vipi?"

"Kama ulivyoileta. Kwa maandishi, na sahihi zile zile."

Akakusanya waya, daftari na kiredio, akatoka. Binti yake akambebea mkoba.

Fundi wa ua alikuja Jumatatu, akakata mmea, akabadili kishikizo. Televisheni yangu haijakatika tena. Barua ya kufuta barua niliiandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mbaya, nikaizungusha mlango kwa mlango. Nilipata sahihi kumi na mbili. Mwenyekiti alisema atalitafakari. Mwingine mmoja alisema hataki kuingia kwenye mambo ya watu, ingawa mara ya kwanza aliingia mbio.

Nikaipeleka. Mama Waya alikuwa mezani kwake, visikizio shingoni.

"Ni kumi na mbili tu, Mama. Wawili wamekataa."

"Hao wana kazi yao na nafsi zao. Weka hapo." Akaihesabu moja moja kwa kidole, akasimama kwenye ya kwanza, ambayo ilikuwa yangu. "Kaa. Chai ipo. Usidhani ni ya msamaha. Ni ya mgeni."

Nikanywa. Akanigeuzia skrini, nikaiona ile mvua ya rangi, na akanionyesha kwa ncha ya penseli: huyu yuko visiwani, hawa wawili wanabishana, huyu hana anayemjibu. Sikuelewa sana. Nilielewa tu kwamba nilikuwa nimetia sahihi ili haya yote yazimwe, na sikuwa hata nimeuliza ni nini.

Mwezi uliofuata, Jumamosi asubuhi, nikafungua duka nikawakuta wameshaanza. Mlingoti mpya wa bomba la chuma umesimamishwa upande wa pili wa nyumba, mrefu kuliko ule wa kwanza. Fundi cherehani alikuwa juu ya ngazi, binti muuguzi anavuta kamba amejiviringishia kitambaa mikononi, na Mama Waya yuko katikati ya ua akitoa amri.

Mwenyekiti akapita na gazeti lake. Akasimama.

"Na huo wa pili wa nini?"

"Wa masafa ya chini, Mwenyekiti. Ule wa kwanza hauyafikii."

"Nakumbuka tulikataza kuongeza waya."

"Ulikataza," akakubali Mama Waya bila kugeuka, macho juu kwenye waya. "Vuta, mwanangu. Bado umelegea."

Na binti akavuta.